Omba Upate "Tutakusikiliza Tena": Mwongozo wa Mazungumzo ya Kiroho Chuoni

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, vijana wawili walinisimamisha nje ya maktaba. Mmoja alishika Biblia, mwenzake karatasi na kalamu. Salamu ilikuwa ya haraka, kisha aliyeshika karatasi akaniuliza, "Ukifa usiku wa leo, utaamkia wapi?" Nikamjibu kwamba kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa na mtihani, hivyo kufa usiku huo kungenisaidia sana. Hawakucheka. Walinisomea mistari minne, wakaniongoza sala ya toba ambayo niliifuatisha ili waniache niende kusoma, wakaandika jina langu, wakaondoka. Sikuwaona tena. Nina hakika jioni ile kwenye ushirika wao nilihesabiwa.

Siwacheki. Walikuwa na ujasiri ambao wengi wetu tulimaliza chuo bila kuuonja. Walichokosa ni namna, na namna hufundishika. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwaandaa wanafunzi Wakristo kwenda kuzungumza na wenzao, na haya ndiyo ninayowafundisha.

Naanzia Athene, Matendo 17. Paulo anahojiana na watu katika sinagogi, tena kila siku sokoni na wale anaokutana nao, mpaka anapelekwa Areopago, mbele ya baraza la mji. Luka anaandika matokeo bila kuyapamba: wengine walidhihaki, wengine walisema "Tutakusikiliza tena", na baadhi waliamini, akiwamo Dionisio Mwareopago na mwanamke aitwaye Damari. Makundi matatu. Vikundi vya chuo hulipenda la tatu, huliogopa la kwanza, na la kati hulisahau kabisa. Mimi nasema hivi: unapokwenda kuzungumza na mtu kwa mara ya kwanza, omba upate lile la kati. Mtu akitaka mwenyewe kuzungumza nawe tena, kazi ya siku hiyo imefanyika.

Kabla ya kutoka

Soma kanuni za chuo chako. Vyuo vingine vinaruhusu meza ya kikundi cha dini mahali pa wazi, vingine vinataka kibali cha ofisi ya wanafunzi, vingine vinakataza kugonga milango ya hosteli kwa shughuli yoyote. Kuvunja kanuni kisha kuita matokeo yake mateso kwa ajili ya Kristo ni kujidanganya. Petro alitenga wazi kuteswa kwa ajili ya jina la Kristo na kuteswa kwa makosa yako mwenyewe (1 Petro 4:15-16).

Tazama pia kalenda. Majuma ya kwanza ya muhula wa kwanza ni ya dhahabu, maana mwanafunzi mpya hana marafiki, hajui njia, na jioni hana pa kwenda. Katikati ya muhula ni wakati mzuri wa mazungumzo marefu. Majuma mawili kabla ya mitihani, acheni watu wasome. Mkitaka kuhudumu, tangazeni vikundi vya kujisomea na mtu yeyote akaribishwe. Nimeona mazungumzo bora yakizaliwa huko kuliko kwenye meza yenye bango.

Tokeni wawili wawili, mmoja akizungumza, mwingine akiomba kimoyomoyo na kusikiliza. Watatu mbele ya mtu mmoja ni kikao cha nidhamu.

Msikate tamaa kwa uchache wenu. Mwaka 1806, wanafunzi watano wa Williams College, Massachusetts, walikimbilia rundo la nyasi kavu kujikinga na mvua ya radi, wakazungumza na kuomba hapo kuhusu kuipeleka Injili Asia. Miaka minne baadaye, kutokana na mwamko huo, Marekani ilipata bodi yake ya kwanza ya kutuma wamisionari nje. Kule Oxford, kikundi cha ndugu John na Charles Wesley kilichoanza 1729 kilibandikwa jina la kejeli, "Klabu Takatifu", kwa sababu washiriki wake walifunga, walisoma Maandiko na kuwatembelea wafungwa. Umoja wa wanafunzi Wakristo wa Cambridge ulianza 1877, na mwaka 1947 vyama vya namna hiyo kutoka nchi mbalimbali viliungana kuwa IFES, mtandao ambao leo uko karibu kila pembe ya dunia. Vilianza na watu wachache, na dhihaka ilikuwapo tangu mwanzo.

Ushuhuda wa dakika tatu

Kabla hujamwuliza mtu habari za moyo wake, jua kusimulia za kwako. Andika ushuhuda wako kwenye karatasi, kisha usome kwa sauti huku ukitazama saa. Ukizidi dakika tatu, punguza. Wengi hutumia dakika mbili na nusu kueleza walivyokuwa waovu na nusu dakika kumtaja Yesu. Geuza vipimo hivyo.

Sasa chukua kalamu nyekundu, upigie mstari kila neno ambalo mtu asiyekwenda kanisani hatalielewa: upako, mzigo, kuguswa, kuvunjika mbele za Bwana, ngome, kufunguliwa. Kila moja liandike upya kwa lugha ya kawaida. "Nilifunguliwa" inamaanisha nini hasa? Uliacha pombe? Uliacha kumchukia baba yako? Basi sema hivyo. Zoezi hili huwasumbua watu waliokulia kanisani kuliko wote. Nimewahi kumwona dada mmoja, kiongozi wa maombi, akigundua kwamba ukiondoa maneno ya kanisa katika ushuhuda wake hakibaki kitu. Alilia, akaenda kuuandika upya, na ule wa pili ulikuwa na habari za mama yake na chumba cha hospitali. Kila aliyeusikia aliukumbuka.

Kama huna historia ya giza nene, usiitengeneze. "Nimelelewa katika nyumba ya Wakristo, lakini nilipofika hapa nililazimika kujiuliza kama ninaamini mimi au wanaamini wazazi wangu" ni ushuhuda kamili, na chuoni una wasikilizaji wengi.

Sentensi ya kwanza

Angalia mtu kabla hujamwendea. Aliyevaa hedifoni, anayetembea haraka, anayeandika kwa kasi, au anayezungumza kwa simu huku uso umekunjamana: mwache. Anayekaa peke yake akivuta muda kabla ya kipindi, au wawili wanaopiga soga bila haraka, waendee.

Sentensi ya kwanza ibebe mambo matatu: wewe ni nani, unataka nini, na utachukua muda gani. Kwa mfano: "Habari, kaka. Naitwa fulani, niko mwaka wa pili, na huyu ni mwenzangu. Tuko kwenye umoja wa wanafunzi Wakristo, na leo tunazungumza na watu kuhusu imani na maisha, wanaoamini na wasioamini. Una dakika kumi, au tumekukuta vibaya?" Akisema ana haraka, mshukuru na uondoke ukitabasamu kweli. Atakuona tena kesho kutwa, na atakumbuka kwamba hukumng'ang'ania.

Kuna ujanja mmoja ninaoupinga waziwazi, nao ni dodoso la uongo. Unamwambia mtu unafanya utafiti, unamwuliza maswali matano ya kawaida, la sita ni habari za wokovu, na majibu yake hayasomwi na mtu yeyote. Huo ni uongo, na unamtangaza kwa uongo yule aliyejiita Kweli. Mkitaka kweli kujua wanafunzi wanaamini nini, fanyeni utafiti wa kweli, yasomeni majibu, wapeni matokeo. Vinginevyo sema umekuja kuzungumza mambo ya imani. Utashangaa ni wangapi watakubali.

Kadi za picha

Watu wengi hawana maneno ya kueleza hali ya ndani, lakini wakiona picha wanaonyesha kwa kidole. Ndiyo sababu huduma nyingi za wanafunzi hutumia kadi za picha. Kusanyeni picha thelathini hadi hamsini zisizo na maandishi: njia inayopotea kwenye ukungu, mikono miwili, mlango uliofungwa, mtoto anayecheka, daraja lililokatika, chumba kitupu, umati, mbegu. Epukeni picha za dini zinazojibu swali kabla halijaulizwa. Zitandazeni mezani au kwenye nyasi.

Maswali yawe machache. Picha gani mbili zinafanana na maisha yako sasa? Gani unatamani ifanane nayo? Ukimfikiria Mungu, kama unamfikiria, mkono wako unakwenda kwenye ipi? Na ipi inaonyesha uzoefu wako na watu wa dini? Hayo yanatosha. Swali la mwisho huzaa mengi kuliko yote, wala usiliogope. Mkiwa na muda, nawe chagua picha zako mbele yake ili asijione yuko peke yake kwenye mizani.

Kusikiliza, ambako ndiko kazi yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wengi huanguka.

Fungua Yohana 4, uhesabu zamu za kusema kati ya Yesu na mwanamke Msamaria pale kisimani. Yesu anasema mara saba, mwanamke mara sita. Yesu anaanza kwa kuomba maji, yeye mwenyewe akiwa ndiye mwenye haja. Nenda kwa Filipo, Matendo 8: anakimbia mpaka lilipo gari, anamsikia mtu wa Kushi akimsoma Isaya, ndipo anauliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Hapandi mpaka anasihiwa apande, na akianza kueleza anaanzia andiko lilelile ambalo mwenzake alikuwa amelifungua. Nenda njia ya Emau, Luka 24. Yesu mfufuka anawauliza wanafunzi wawili wanazungumza nini, wakishangaa kwamba hajui, anauliza tena, "Mambo gani?" Yeye ndiye mtu pekee barabarani aliyeyajua mambo hayo yote, na bado aliwaacha wayasimulie.

Sasa tazama mfano wa chuoni. Dada mmoja ameshika picha ya daraja lililokatika.

"Kwa nini hiyo?"

"Nyumbani wanadhani naendelea vizuri. Siendelei vizuri."

Kila aliyefundishwa uinjilisti hapo anawashwa ulimi: "Yesu ndiye daraja!" Ni kweli, na ni mapema mno. Dada huyu hajakwambia kitu bado. Amefungua mlango kwa upana wa kidole kimoja aone utafanya nini. Ukimrukia na jibu, ataufunga kwa adabu, ataitikia "ni kweli" mara tatu, na mtaachana kila mmoja akidhani amemridhisha mwenzake. Uliza, "Hawajui tangu lini?" Kisha nyamaza. Kimya cha sekunde tano kinatisha kama cha dakika tano, ila kivumilie, maana mara nyingi neno la maana huja baada yake.

"Tangu muhula wa kwanza. Nilianguka masomo mawili. Baba aliuza vitu ili nije hapa."

"Pole. Kuna mtu mwingine yeyote anayejua?"

"Wewe."

Hapo umepewa amana. Bado hujataja mstari hata mmoja, na mazungumzo tayari ni ya kiroho, kwa kuwa yamefika kwenye aibu, na aibu ilikuwapo tangu Edeni. Baada ya hapo unaweza kuuliza, "Katika hali hii, umewahi kuomba?" au "Unamfikiria Mungu vipi unapowaza haya?" Swali kama hilo sasa lina mizizi. Lingekuja dakika ya kwanza, lingekuwa la dodoso.

Aina tatu za maswali zitakusaidia. Kuna ya kufungua: "Ilikuwaje?" "Ulilelewa katika imani gani?" Kuna ya kuchimba: "Ukisema Mungu yuko mbali, unamaanisha nini?" Na kuna ya kugeuza, ambayo humwalika atazame upande mwingine: "Umewahi kusoma mwenyewe habari za Yesu, ukiwa mtu mzima?" Kosa la kawaida ni kuruka kutoka la kwanza hadi la tatu. Kosa jingine ni kuuliza mfululizo kama polisi. Baada ya maswali mawili au matatu, toa nawe kitu cha kwako.

Kabla hujajibu hoja yoyote, irudie kwa maneno yako: "Nikikuelewa, unasema kama Mungu angekuwapo angemzuia mjomba wako asifanye yale. Ndivyo?" Akisema ndivyo, endelea. Akisema sivyo, umeokoka na aibu ya kujibu swali ambalo hakuuliza, na Mithali 18:13 ina neno kali kwa anayejibu kabla hajasikia.

Kuieleza Injili

Mtu aliyesikilizwa mara nyingi hugeuka akauliza: "Sasa wewe unaamini nini hasa?" Asipouliza, omba ruhusa: "Naweza kukueleza kwa kifupi kinachonifanya mimi niwe Mkristo?" Ruhusa hii iombwe kwa namna ambayo anaweza kukataa.

Uwe na maelezo unayoweza kuyasema bila karatasi. Ya kwangu ni haya: Mungu alituumba tuishi naye. Tumemwacha, kila mtu kwa njia yake, na uharibifu wake tunauona ndani yetu na kati yetu. Yesu, Mwana wa Mungu, aliishi maisha tuliyoshindwa kuyaishi, akafa msalabani kwa ajili ya dhambi zetu, akafufuka siku ya tatu. Anamwita kila mtu atubu na kumwamini, na anayemwamini husamehewa na kuanza na Mungu maisha ambayo kifo hakiyakatishi. Basi. Vielelezo vya rangi, mishale na michoro ya shimo linalomtenga mtu na Mungu vinasaidia kwa wengine, lakini ukishindwa kuisema Injili bila mchoro, hujaielewa vya kutosha.

Afadhali zaidi ni kusoma hadithi moja pamoja. Mimi huchagua Luka 15:11-32, habari ya mwana mpotevu, kwa sababu ina wana wawili. Aliyetapanya mali anajulikana. Yule mkubwa, aliyebaki nyumbani akiwa na uchungu, ndiye wanafunzi wengi waliolelewa kanisani hujiona ndani yake, na hadithi inakwisha bila kutuambia kama aliingia karamuni. Mwachie mwenzako swali hilo: "Ungekuwa wewe, ungeingia?"

Akisema anataka kumwamini Yesu, furahi, ila usikimbie. Mwombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Kama anadhani anajiunga na kikundi chenu, au anapata kinga dhidi ya kufeli, rudini nyuma kidogo. Akiwa ameelewa, aombe mwenyewe kwa maneno yake, hata kama yatakuwa machache na ya kukwama. Mimi niliwahi kufuatisha sala nzuri neno kwa neno nje ya maktaba, nayo haikunifikisha popote.

Maswali magumu

Jifunze kwanza kutofautisha swali la darasani na swali la msibani. "Kwa nini Mungu anaruhusu mateso?" laweza kutoka kwa mwanafunzi wa falsafa anayefurahia hoja, au kwa aliyemzika dada yake mwezi uliopita. Uliza, "Swali hili limekujiaje?" Wa kwanza jadiliana naye. Wa pili kaa naye. Yesu alijua kabisa kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia (Yohana 11:35). Ukimpa mfiwa hoja tano, hata zikiwa sahihi zote, utakuwa umempiga.

Aliyeumizwa na kanisa hahitaji utetezi wa kanisa. Mhubiri alimdanganya mama yake akachukua pesa zake? Kiongozi wa kwaya alimdhulumu? Sema ilikuwa dhambi. Mathayo 23 inaonyesha kwamba maneno makali kuliko yote ya Yesu yaliwaendea viongozi wa dini. Kwa hiyo anayekasirikia unafiki wa kidini hayuko mbali na Yesu kama anavyodhani.

Kwa sayansi, usijifanye mtaalamu wa usichokisoma. Mwambie tu habari za Georges Lemaître, padri Mkatoliki na mwanafizikia wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1927 alieleza kwamba ulimwengu unapanuka na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza katika hali ndogo iliyosongamana, wazo lililozaa nadharia ya mlipuko mkuu. Hilo halithibitishi kwamba Mungu yupo. Linamwondolea mtu mawazo kwamba lazima achague kati ya maabara na maombi. Kisha mrudishe kwenye ufufuo, kwa sababu huko ndiko Paulo mwenyewe alikoiweka imani yote rehani: Kristo asipofufuka, imani ni bure (1 Wakorintho 15).

Mwislamu, Mhindu, au mtu asiye na dini, usimweleze yeye anaamini nini. Mwulize. Ulichosoma juu ya dini yake kwenye kijitabu huenda asikitambue hata yeye. Usikejeli kitabu chake wala mtume wake. Paulo alichukizwa sana na sanamu za Athene, na bado alipofungua kinywa alianza na kile walichokiheshimu. Kumbuka pia kwamba kwa wengine kumfuata Yesu huweza kuwagharimu familia na ada ya shule. Usimharakishe mtu kulipa gharama ambayo wewe hukuilipa, na kamwe usiweke picha yake mtandaoni.

Na ukikwama, sema "Sijui. Nipe siku tatu nitafute." Neno hili lina faida ya siri: tayari mna sababu ya kukutana tena.

Mipaka

Kutaneni mahali pa wazi. Ufuatiliaji wa karibu ufanywe na mtu wa jinsia yake. Mvulana anayemlea kiroho msichana mrembo peke yake saa nne usiku ajiulize maswali, na asipojiuliza, viongozi wake wamwulize. Usitumie chakula, pesa wala msaada wa masomo kama chambo: saidia, ila msaada usitegemee kuhudhuria kwake. Kama unasimamia mazoezi ya maabara au unasahihisha kazi zao, usianzishe mazungumzo haya na wale ambao alama zao ziko mikononi mwako.

Mtu akikwambia anafikiria kujiua, au anadhulumiwa, mambo ya kadi na mistari yanasimama. Mwulize waziwazi kama ana mpango wa kujidhuru, usimwache peke yake, na mfuatane hadi kwa mshauri nasaha wa chuo au hospitali. Omba naye, naam, mkiwa njiani. Usimwahidi siri ya namna hiyo, mwambie, "Hili ni zito kuliko mimi, na sitakuacha ulibebe peke yako."

Mazungumzo ya pili

Maliza mazungumzo ya kwanza mapema kidogo, wakati bado yana utamu. Mwulize kama angependa mwendelee, na akikubali, panga siku na mahali hapohapo, maana "tutawasiliana" ni njia ya kistaarabu ya kuagana. Mtumie ujumbe ndani ya siku mbili, mfupi, unaotaja kitu alichosema: "Dada, nilikumbuka habari za baba yako. Yale matokeo yametoka?" Usimwingize kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili na maombi ya alfajiri bila kumwuliza. Ukituma ujumbe mara mbili bila jibu, nyamaza. Ukikutana naye koridoni, msalimie kama kawaida, usiulize kwa nini hakujibu.

Kwa anayetaka kusoma, pendekeza mara nne tu, kila juma saa moja, wawili hadi watano. Nne zina mwisho unaoonekana, na mtu mwenye shughuli hukubali. Mimi hutumia Luka: 5:17-26, aliyepooza aliyeshushwa kupitia darini, 7:36-50, mwanamke nyumbani kwa Simoni Farisayo, 19:1-10, Zakayo, kisha 24:13-35, njia ya Emau. Kila mara maswali ni yaleyale: Nini kimekushangaza? Yesu anaonekana mtu wa namna gani? Kama hili ni kweli, lingebadilisha nini kwako? Usihubiri katikati. Asiyeamini huona katika andiko vitu ambavyo wewe umevizoea mpaka huvioni tena. Kijana mmoja aliniuliza nani alilitengeneza paa lile lililobomolewa, na sikuwahi kuliwaza.

Mkirudi ushirikani

Baada ya kila zamu, kaeni dakika ishirini. Kila wawili waeleze walichosikia, bila kutaja majina na bila kufichua siri za watu kwa kisingizio cha maombi. Wasioweza kusema jambo lolote walilosikia kwa mwenzao, bali waliyoyasema wao tu, wanajua wafanye nini zamu ijayo.

Kuhusu hesabu: acheni kutangaza waliookoka leo. Namba ile huwasukuma wanafunzi kuvuna mbichi. Mkilazimika kuhesabu, hesabuni mazungumzo ya pili.

Wengi watakataa, na wengine watawacheka kwenye makundi ya darasa. Aliyekataa abaki rafiki yako. Mkopeshe daftari, nenda mkashangilie timu ya kitivo, mtembelee akiugua. Ukimwacha baada ya kukataa, utakuwa umethibitisha kwamba ulimtaka kwa ajili ya namba.

Muhula wako wa mwisho una kazi yake. Waliokuwa wakisoma nawe, wapeleke kwa mtu atakayebaki, uso kwa uso, mkae watatu angalau mara mbili kabla hujaondoka. Usigawe namba za simu za watu bila ruhusa yao. Kama una daftari lenye majina ya watu na mambo waliyokueleza, waombee wote mara ya mwisho ukilifungua ukurasa kwa ukurasa, kisha lichome.